Namna ya Kufuga Bakteria na Kulipwa

Kama una haraka ya kutajirika, nunua pikipiki mbili, uwakabidhi vijana waaminifu, kisha ukae nyumbani ungoje hesabu ya jioni. Biashara ya sayansi ya uhai, yaani dawa, chanjo, vipimo na vijidudu vinavyotumwa kazi na binadamu, haina hesabu ya jioni. Unaweza kungoja miaka kumi ndipo uione senti ya kwanza. Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kuambiwa hayo na bado hajabanduka kitini.

Sharti la kwanza: bidhaa ifanye kazi. Utashangaa kuona watu wanalisahau. Kule Marekani, Elizabeth Holmes alianzisha kampuni ya Theranos mwaka 2003 akiwa na miaka 19, akaahidi vipimo chungu nzima kutokana na matone machache ya damu ya kidole. Alivaa sweta nyeusi ya shingo ndefu kama Steve Jobs, akampata Henry Kissinger kwenye bodi yake, na kufikia mwaka 2014 kampuni ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mashine inayopima sawasawa. Vipimo vingi vilifanywa kwa mashine za kawaida zilizotengenezwa na kampuni nyingine. Mwaka 2022 mahakama ilimpa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Kuna wagonjwa waliopewa majibu yasiyo sahihi kuhusu miili yao wenyewe, na hilo linaniuma kuliko mamilioni ya matajiri yaliyopotea. Basi kabla ya kununua sweta, nunua vitendanishi. Fanya jaribio, kisha mwombe mtu asiyekupenda alirudie.

Sharti la pili ndilo linaloua kampuni nyingi zenye sayansi safi: awepo mtu wa kulipa. Genentech ilianza California mwaka 1976 kwa dola 500 za mwekezaji, Robert Swanson, na dola 500 za mwanasayansi, Herbert Boyer. Mwaka 1978 wakafanikiwa kuwatumia bakteria kutengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaidhinishwa kutumika. Watu husifu bakteria wale, nami nawasifu. Lakini tazama soko: wagonjwa wa kisukari walikuwa tayari wakijidunga insulini ya nguruwe na ng'ombe kila siku, na Eli Lilly, kampuni iliyokuwa ikiwauzia, ndiyo iliyoingia mkataba na Genentech. Mnunuzi alikuwa ameshakaa mlangoni.

Sasa njoo Kibaha, mkoani Pwani. Mwaka 2015 kilizinduliwa pale kiwanda cha viuadudu vya kibiolojia, kwa teknolojia ya Cuba, chenye uwezo wa lita milioni 6 kwa mwaka. Kazi yake ni kuua viluwiluwi wa mbu. Bakteria mmoja anayetumika, Bti kwa kifupi, hutengeneza chembe za protini. Kiluwiluwi huzimeza kama chakula, zikifika tumboni zinayeyuka na kumtoboa utumbo. Samaki aliye kwenye maji yale yale hadhuriki, wala mtu. Ni sayansi tamu kweli, na nchi yenye malaria kama yetu inaihitaji.

Halafu simama kwenye ukingo wa mtaro uliojaa maji, uulize: hii dawa anainunua nani? Chandarua kina mwenyewe. Mama anakitundika, anakifua, anakishona kikichanika. Mtaro hauna mwenyewe. Hakuna baba atakayetoa elfu kumi yake kununua dawa ya kumwaga kwenye dimbwi ambalo mbu wake watamng'ata jirani. Anayetakiwa kununua ni halmashauri, na halmashauri ina madarasa, barabara na zahanati zinazopigia kelele fungu hilo hilo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitembelea kiwanda hicho na kuagiza halmashauri zinunue dawa zake. Mwenye kampuni akifikia hatua ya kuhitaji agizo la rais ili mzigo utoke ghalani, ajue alianza kwa kujenga tanki kabla ya kumjenga mnunuzi.

Na dawa yenyewe haikai. Baada ya wiki moja au mbili nguvu zimekwisha, na kijana mwenye bomba mgongoni na buti za mpira inabidi arudi kwenye dimbwi lile lile, na mengine mapya ambayo mvua ya jana imeyaacha kwenye nyayo za ng'ombe. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unauza lita. Unauza lita pamoja na kijana, bomba, buti, ramani ya mtaa na mtu wa kuhesabu viluwiluwi kabla na baada. Vyote hivyo viingie kwenye bei, la sivyo dawa itakaa stoo mpaka tarehe yake ipite. Shirika la Afya Duniani linaikubali njia hii kama nyongeza ya vyandarua na upuliziaji wa ndani, hasa pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na rahisi kuyapata. Anza na maeneo ya namna hiyo. Usianze na bonde la mpunga.

Ukidhani taabu hii ya kukosa mnunuzi ni ya wadogo, waulize Aspen wa Afrika Kusini. Mwaka 2022 walikuwa na kiwanda, leseni na chanjo ya UVIKO-19 yenye jina lao, Aspenovax. Hakuna aliyeagiza hata dozi moja.

Kwa hiyo, ndugu mwanzilishi, ukiwa bado na chupa tatu tu maabara, nenda halmashauri. Mtafute mganga mkuu, kisha mweka hazina, na umsikilize zaidi huyo wa pili. Uliza wanatumia kiasi gani sasa kwa mbu, kutoka fungu lipi, na ni nani anayesaini. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na vikao vya bajeti hukaa miezi mingi kabla. Ukifika Agosti na sampuli zako utapokelewa kwa heshima zote, utapewa soda baridi, na utaambiwa uje mwakani.