Bunduki Iliyoliwa na Mchwa

Bunduki ya mjomba wangu haikuvunjika, ililiwa. Mchwa wa Mpala, kijiji chetu kando ya ziwa, hawana pupa wala makelele. Walipita kwenye ufa wa tofali, wakaingia kwenye kitako pale kilipogusana na ukuta, wakala ndani kwa ndani na kuacha ganda jembamba la nje, liking'aa kwa mawese ambayo mjomba hulipaka kila Jumapili baada ya misa. Kwa macho ilikuwa bunduki nzuri kuliko zote kijijini. Asubuhi nyani waliposhuka kwenye mihogo, mjomba aliinyanyua kwa mbwembwe zake za siku zote, akabaki ameshika unga. Mtutu ukamwangukia mguuni. Dume la nyani, ambalo lilikuwa limezoea kukimbia likiona bunduki tu, lilisimama, likatazama, likarudi kwenye muhogo wake.

Basi ukoo mzima ukawa na kazi moja: kutafuta kitako. Mgeni atasema hilo ni jambo dogo, maana chuma si kipo? Chuma kipo kweli. Ni gobore, la kujazwa baruti mdomoni na kushindiliwa kwa mdeki, na mjomba hushikilia kwamba mtutu wake ulitoka kwa Kapitani Joubert mwenyewe. Joubert alikuwepo, hilo halina ubishi: Mfaransa, askari wa zamani wa Papa, aliyefika Mpala mwaka 1887, miaka michache baada ya Mbelgiji Storms kujenga boma hapa mwaka 1883 na kulikabidhi kwa Mapadre Weupe. Aliwafundisha wenyeji kushika bunduki ili wajikinge na wafanyabiashara wa watumwa, akaoa huku huku, akafa huku huku mwaka 1927. Lakini ukikusanya mitutu yote ambayo wazee wa pwani hii ya ziwa wanadai ilitoka mkononi mwake, utaona Kapitani alikuwa na jeshi kubwa kuliko la Papa.

Na kama mtutu si wake, basi sababu ya kuwa wa namna hii inajulikana. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakakubaliana kwamba kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini bunduki za kisasa zisiuzwe ovyo kwa Mwafrika. Za gumegume, zenye mtutu laini, hizo ruksa, pamoja na baruti ya kawaida. Wazungu wakabaki na zao za kupakia nyuma, babu zetu wakauziwa za kupakia mbele, na wahunzi wakajifunza kuunda kwa mfano wa zile walizoziona. Ndiyo maana leo, katika zama za simu ya kiganjani, mjomba bado anashindilia.

Taabu ya bunduki ya mhunzi ni kwamba haina pacha. Binamu yetu wa Lubumbashi alitutumia picha ya kitako cha plastiki cha Remington 700, cheusi, kizuri, kisichoota kuvu wala kuliwa na mdudu. Mjomba alikikuza kwenye skrini mpaka likabaki tundu la skrubu moja. "Mtambo wangu utakaa wapi hapa?" akauliza. Binamu akajibu kwamba kinaweza kuchongwa. Mjomba akajibu kwamba hata binamu anaweza kuchongwa. Mazungumzo ya Lubumbashi yakaishia hapo.

Tukarudi kwenye miti. Hapa kila mtu akawa mtaalamu, hasa wale ambao hawajawahi kuchonga hata mwiko. Jirani alileta mwembe, kwa kuwa alikuwa amekata wake: mwepesi, laini, na vipekecha walikuwa tayari wamehamia ndani na familia zao. Mwingine alileta mubanga. Huo hauliwi na mchwa, tena nguzo zake huzikwa ardhini zikakaa miaka, lakini patasi ilikuwa inarukaruka juu yake, na mjomba alipopima uzito alisema anatafuta bunduki, hatafuti msalaba wa kubeba. Shemeji alileta kasia la mtumbwi. Alisema lina umbo karibu lile lile. Tulimpa bukari na mikebuka, akala, akaondoka na kasia lake.

Katekista ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na ubao wa benchi kuukuu la kanisa nyumbani kwake, wa mninga, au mulombwa kama unavyoitwa Katanga: ule mti ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mninga mbichi ni mti tu, ila ukikauka hausinyai sana wala haujikunji, na kwa kitako hiyo ndiyo sifa ya kwanza, kwa sababu mbao ikisinyaa chuma kinacheza, na chuma kikicheza baruti itachagua yenyewe pa kutokea. Kulizuka swali kama ubao uliokaliwa na waumini unaweza kuulia ngiri. Katekista akatoa hukumu kwamba benchi halibarikiwi, linakaliwa tu.

Fundi tuliyemtaka yuko Kalemie, mzee aliyestaafu kazi za reli, na mimi ndiye niliyetumwa. Kipimo kilikuwa rahisi: unakunja mkono, unachukua kamba, unapima kutoka ndani ya kiwiko hadi pingili ya kwanza ya kidole cha kufyatulia, unapiga fundo. Mjomba akapiga lake. Usiku ule, kamba ikiwa imening'inia msumarini, mtoto wake wa kwanza akapiga fundo lingine mbele kidogo. Kwetu Watabwa urithi wa kale hupita kwa mpwa, mtoto wa dada, na mapadre wametufundisha kwamba hupita kwa mwana. Kwa hiyo kila ukoo wa Mpala una sheria mbili na bunduki moja. Mpwa mkubwa, ndugu yangu, alipoliona fundo la pili, akaongeza la tatu. Hakuna aliyesema neno. Nilipanda boti na ubao, chuma, na kamba yenye mafundo matatu.

Mzee wa Kalemie aliinyoosha juu ya meza, akanitazama juu ya miwani. "Mtoto wangu, huyu mwindaji ana mikono mingapi?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akakata kwenye fundo la mbali kabisa. Mbao ndefu hupunguzwa, alisema. Fupi haina dawa.

Nilifurahi kuangalia anavyofanya kazi. Alipanga ubao ili nyuzi zipite moja kwa moja kwenye shingo ya kitako, pale pembamba panaposhikwa na kiganja, kwa sababu zikikatiza hapo, mshindo wa kwanza tu unaivunja. Halafu akachanganya masizi ya kibatari na mawese kidogo, akaupaka mtambo, akaubana kwenye shimo alilochimba, akautoa. Penye weusi ndipo mbao ilipogusa chuma. Akaparua hapo tu, punje kwa punje, akapaka tena, akabana tena, mpaka shimo lote likawa jeusi kwa usawa. Kutwa nzima hakutumia futi kamba wala penseli.

Mtutu na mtambo vikabaki kwake kwa ajili ya skrubu, vifuate na boti la pili. Mimi nikatangulia na kitako, nimekifunga kwenye kitenge. Bandarini ofisa mmoja akakipapasa, akafungua. "Hiki ni cha bunduki," alisema. "Ndiyo, shefu." "Bunduki yenyewe iko wapi?" Nikajibu kwamba vipande vingine vinakuja baadaye. Lilikuwa jibu la kweli, na baya kuliko yote niliyoweza kutoa. Karatasi ya mjomba ilikuwa Mpala, ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Mambo ya Walawi. Boti likaondoka bila mimi, upepo wa kusi ukachafua ziwa, na nililala bandarini nikikikumbatia kitako mpaka karatasi ilipoletwa.

Bunduki ilipokamilika, mjomba aliipeleka begani. Kidole hakikufika kwenye kifyatulio. Akanyoosha shingo, akanyoosha mkono, akapiga hivyo hivyo. Ngiri akaenda zake, mjomba akakaa chini bila kupanga. Mwanawe na mpwa wake wakasimama wakilipima bega kwa macho, kila mmoja akiona bunduki imemtosha yeye.

Jumapili iliyofuata, wote tukiwa kanisani, mjomba alibaki nyumbani na msumeno. Alikata mpaka kwenye fundo lake. Alipoulizwa, alisema yeye bado hajafa. Sasa mwanawe akifyatua, kidole gumba kinampiga puani, na mpwa vivyo hivyo, hivyo urithi umeahirishwa. Nyani wameshajua kwamba mzee hupiga mara moja kisha hushindilia muda mrefu, nao hutumia muda huo vizuri. Mwenye mbwa mkali wa kuuza, kuanzia Kalemie hadi Moba, aniambie; bei tutaelewana.