Unyayolojia: Mhadhara wa Nne

Bwana asifiwe. Sijasikia. Bwana asifiwe! Haya, afadhali, ingawa Jumapili iliyopita kule Makongeni waliitikia kwa nguvu zaidi, na wale hata kiingilio hawakulipa.

Mheshimiwa chifu msaidizi, ambaye ametuma salamu kwamba hatafika. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, ambaye yuko njiani tangu saa nane. Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama karibu na mlango kana kwamba mna pa kwenda: karibuni. Najua viti ni vidogo. Hili ni darasa la chekechea, nami nimelichagua kwa makusudi, ili mbele ya elimu hii sote tuwe watoto. Ndiyo, mimi nimeletewa kiti kikubwa. Mwalimu lazima aonekane.

Sina haja ya kujitambulisha, kwa hiyo nitajitambulisha kwa ufupi. Aliye mbele yenu ndiye mwasisi wa Unyayolojia katika Afrika Mashariki na Kati, mshauri wa kimataifa wa masuala ya mwendo, na mtu wa kwanza kutoka Landless, narudia, wa kwanza, kuhiji Namugongo nchini Uganda kwa miguu, kwenda na kurudi, peke yake. Kadi zangu ziko pale mezani. Moja kwa kila nyumba, tafadhali, kuchapisha ni gharama. Mke wangu angezigawa, lakini leo ameshindwa kuhudhuria kwa mara ya nne.

Nani huyo anayemtaja mama wa mandazi wa pale stejini? Tutafika huko. Mambo yana mpangilio wake.

Kwanza jina la mtaa wetu. Landless! Wasio na ardhi! Mgeni akishuka hapa kwenye barabara ya Garissa hujiuliza, kama hawa hawana ardhi, mbona kila kona kuna kibao cha ploti inauzwa? Mimi humweleza kwamba asiye na ardhi amebaki na miguu, na mwenye miguu asiye na ardhi ni hujaji tayari, amebakiza kuondoka tu. Hoja hii niliigundua mwenyewe nikiwa kitandani. Laiti marehemu baba angeisikia, asingekufa akiniuliza ile ploti ya hamsini kwa mia aliyoniachia niliipeleka wapi.

Sasa vifaa. Mtu wa kawaida hudhani kwamba safari ya kilomita karibu 700 huanza na mazoezi. Hiyo ni fikra ya kimwili sana. Huanza na kofia. Karibu wiki mbili nilizunguka Gikomba nikitafuta kofia yenye hadhi, isiyo ya mkulima wala ya mtalii, na hii mnayoiona niliipata siku ya kumi na moja, baada ya kumkatalia muuzaji mara tano. Niliipigania kwa shilingi ishirini. Kisha fimbo. Ni ya mzeituni mwitu. Ipitisheni polepole, msiikwaruze. Kisha viatu, na hapa naomba utulivu, maana ndipo sayansi inapoanza.

Hizi ni akala. Viatu vya tairi. Fundi aliniapia kwamba tairi hili lilikuwa la lori la Moyale, na kwamba lilikwisha kutembea kilomita zaidi ya 40,000 kabla ya kuingia mguuni mwangu. Mjumlishe hizo na zangu, mtapata nimetembea kiasi gani. Sasa tazameni soli. Haijalika! Hata vile vinywele vya mpira mpya bado vipo. Mwanafunzi wa kawaida angesema viatu hivi havijatembea. Mtaalamu anaona kitu kingine kabisa: anaona mtu anayejua kukanyaga.

Kuhusu mashahidi wenyewe wa Namugongo nitapita haraka, maana muda ni mali. Walikuwa Wakristo 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga II. Charles Lwanga na wenzake walihukumiwa Munyonyo, wakatembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, wakachomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Kizito, mdogo wao, alikuwa na miaka kama 14. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, akaja Uganda mwenyewe 1969. Kanisa la Namugongo limejengwa kwa umbo la msonge wa Kiganda, nalo lina nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi. Mimi niliegemea nguzo moja kwa dakika kumi hivi. Picha ipo, na hapo ndipo kofia inapoonekana vizuri.

Basi tuje kwenye mchango wangu kwa taaluma: Nadharia ya Kurudi.

Kule Uhispania kuna njia ya hija iendayo Santiago de Compostela. Siku hizi ukitembea kilomita 100 za mwisho tu unapewa cheti, kisha unapanda ndege unakwenda zako. Zamani haikuwa hivyo. Hujaji wa zama zile alifika kaburini, akasali, akageuka, akaanza kutembea upya, maana treni haikuwapo na nyumbani hakukuwa kumesogea. Nusu ya hija ilikuwa mgongoni mwake! Ndiyo maana nasema, na andikeni: asiyerudi hajahiji. Amezuru tu. Mimi nimekutana Namugongo na watu waliotembea kutoka Kisumu, kutoka Tanzania, kutoka Rwanda, nyayo zimepasuka, na wote, wote kabisa, walikuwa wakiulizana nauli ya kurudi. Niliwaonea huruma. Niliwaambia hivyo, nikiwa kwenye foleni hiyohiyo kwa ajili ya utafiti.

Naona mkono. Sema, mtoto mzuri. Anauliza kama Lwanga na Kizito walirudi.

Hao walikuwa na udhuru.

Tuendelee. Ushahidi! Mtaalamu wa kweli haogopi ushahidi. Hii hapa ni pasi yangu ya muda ya kuvukia mpaka, yenye mihuri ya Busia. Ipitisheni mkono kwa mkono, msiikunje. Wangapi kati yenu wana mihuri? Mnaona. Mhuri wa kuingia ni wa tarehe 2 Juni, wa kutoka tarehe 4. Niliondoka Landless tarehe 1, Siku ya Madaraka, saa nne asubuhi, na baadhi yenu mlinisindikiza mpaka pale kwenye magari… kwenye barabara ya magari.

Wewe kijana mwenye simu, unahesabu nini? Sema kwa sauti. Anasema kutoka hapa hadi Busia ni karibu kilomita 500, nami nilizimaliza kwa siku moja. Anasema Eliud Kipchoge alipokimbia kule Vienna mwaka 2019 alimaliza kilomita 42 kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40, na kwamba mtu akishika kasi hiyohiyo bila kupumzika, bila kula, bila kwenda haja, atafika Busia baada ya saa 24 hivi.

Mnaona? Hesabu imekubali! Makofi kwa kijana. Nilikuwa nikitafuta mtu wa kunithibitishia jambo hili kisayansi.

Sasa niwape ladha ya njia yenyewe. Ukishavuka mto Nile pale Jinja unaingia msitu wa Mabira. Giza la miti, nyani kando ya lami, hewa ya baridi. Mahali paitwapo Najjembe ndipo roho ya hujaji hujaribiwa. Vijana wenye makoti ya rangi wanakujia mbio, mikono juu, wameshika vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja iliyoiva vizuri, wanavisukuma ndani ya dirisha mpaka puani. Nilipambana na jaribu hilo kwa muda mrefu. Nilichukua paja. Moto, lina mafuta, limekolea chumvi, na ile gonja ilikuwa tamu hata nikafumba macho. Nilipofumbua nikamwona, chini kule, kando ya barabara, mama wetu wa mandazi akipita na kiondo chake mgongoni na mwavuli mkononi, anatembea kama mtu anayekwenda sokoni. Nikampungia mkono wenye paja. Tukampita.

Dirisha gani? Nani ameuliza dirisha gani? Mzee, kwa heshima zote, hilo ni swali la maneno tu. Katika Unyayolojia dirisha ni hali ya nafsi.

Ndiyo, na tarehe 4 tukampita tena karibu na Mukono, safari hii uso wake umeelekea Kenya. Kwa hiyo nimempita mara mbili katika siku tatu, na sidhani kuna mtembeaji mwingine hapa Landless anayeweza kusema hivyo. Yeye aliondoka mwishoni mwa Aprili! Nawaachia mlinganishe wenyewe nani ana kasi.

Kuhusu neno “peke yake” kumekuwa na maneno maneno ya mtaani. Upweke ni wa ndani. Watu wengine 61 walikuwapo, sikatai, wakiimba tangu Nairobi, lakini kiti cha pembeni yangu kilikuwa na begi. Begi si mtu.

Na kama bado kuna Tomaso humu ndani, nitavua kiatu. Lile! Lile lengelenge! Huko Namugongo polisi hufunga barabara siku hiyo, magari hayapiti, kwa hiyo kutoka Kyaliwajjala hadi kanisani nilikwenda kwa miguu hii hii, juani, katikati ya umati, mwendo wa karibu nusu saa. Nusu saa! Hakuna aliyetuonya. Pale ndipo nilipojua hija ni nini. Nilikaa chini mara mbili. Mtawa mmoja mzee alinipa maji na kuniuliza nimetoka mbali kiasi gani, nami nikamjibu Kenya, na yule mtawa akalia. Nililia pia. Hayo siyatanii, na picha yake sina.

Sura hiyo ya lengelenge ina kurasa 40 katika kitabu changu kijacho, ambacho mnaweza kukilipia leo.

Kabla ya maswali, ambayo ni shilingi mia kwa moja, katibu amenipa karatasi ya matangazo. Nisome. Kikundi cha akina mama kitakutana Jumatano. Maji yatafungwa kesho. Mama wa mandazi amepiga simu kutoka Gilgil. Miguu yake haina neno, akijaliwa atafika kwa mguu Jumamosi jioni, na anaomba jirani yeyote amnyweshee sukumawiki. Anauliza pia kama yule mzee aliyekuwa akimpungia mkono kutoka kwenye basi…

Mwandiko huu hausomeki. Maswali hayapo. Kiingilio hakirudishwi.