Sifa za Kero Iitwayo Barua ya Kidiplomasia

Katika kero zote za serikali, ninayoiheshimu kuliko zote ni barua ya kidiplomasia. Ni ndefu, ina adabu kupita kiasi, hujibiwa kwa barua ndefu zaidi, na mara nyingi haimrudishii mlalamikaji hata senti. Naisifu hivyo hivyo, na ushahidi wangu uko Japani ya miaka ya 1930.

Ford ilianza kuunganisha magari Yokohama mwaka 1925, na General Motors ikafuata Osaka mwaka 1927. Vipuri vilishushwa melini, magari yakatoka kiwandani, na baada ya muda mfupi kampuni hizo mbili zikalishika soko. Jeshi la Japani halikutaka malori yake yategemee wageni. Mei 1936 ikatangazwa sheria: mwenye kutengeneza magari zaidi ya 3,000 kwa mwaka sharti awe na leseni, na leseni haipewi ila kampuni ambayo zaidi ya nusu ya hisa zake ni za Wajapani. Waliotangulia waliachiwa kiwango walichokuwa nacho kabla ya tarehe 9 Agosti 1935. Ford ikawekewa mpaka wa magari 12,360 kwa mwaka.

Hapo ndipo kero yetu ilipoingia kazini. Ubalozi wa Marekani jijini Tokyo, chini ya Balozi Joseph Grew, ulishika mkataba wa biashara wa 1911, ulioruhusu raia wa kila upande kufanya biashara na kumiliki viwanda katika nchi ya mwenzake. Ukalalamika, ukajibiwa, ukalalamika tena.

Sheria haikufutwa. Kabla ya vita kufika, kampuni zote mbili zilikuwa zimeacha kuunganisha magari Japani. Lakini mwenye nguvu alilazimika kutaja sababu zake, na zimebaki kwenye kumbukumbu hadi leo. Wakati wote huo wenye ugomvi walikuwa wakizungumza.

Julai 1939 Marekani ilitangaza kuuvunja mkataba ule, na Januari 1940 ukakoma. Vikafuata vikwazo vya vyuma chakavu, kisha vya mafuta. Desemba 1941 yakafuata mabomu. Sisemi barua zingezuia vita. Nasema hakuna aliyekufa kwa kusoma aya ndefu. Kwa hiyo nchi inayobanwa kibiashara leo iandike, isubiri jibu, na iandike tena, hata kama makarani wa pande zote mbili wamechoka.