Bawabu wa Windows

"Kompyuta hii haiwezi kutumia Windows 11." Hebu tazama ukarimu wa maneno hayo! Kompyuta mpya ukishailipia inakutii, mkaishia hapo bila kujuana. Hii yangu ya mtumba, yenye prosesa ya Core i5 kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, imeninyima ili inifunze. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yangu ina 1.2. Pungufu ya nukta nane tu, na kwa nukta nane hizo nimekesha siku tatu mfululizo, jambo ambalo hata Ramadhani haijapata kuniona nikilifanya.

Bila taabu hii nani angenijulisha kwamba Shift na F10 zikibonyezwa pamoja katikati ya kupiga Windows hufungua dirisha jeusi? Humo unaandika regedit, unatengeneza folda ya LabConfig, unaweka BypassTPMCheck yenye thamani 1, halafu unarudi nyuma hatua moja na kuendelea kama si wewe. Ndiyo kumwambia bawabu wa ukumbi kuwa wewe ni binamu wa bwana harusi. Wenye haraka hutumia Rufus, inayoandaa flashi na kuyafuta masharti kwa tiki moja. Nawahurumia; wamekula wali bila kunusa nazi.

Iko pia njia ya kupandisha kutoka Windows 10, ile ambayo Microsoft iliiachia mkono tarehe 14 Oktoba 2025. Njia hiyo hukuonya kwanza kwamba hitilafu za kutolingana hazimo kwenye dhamana. Dhamana! Nilicheka mpaka nyumba ikaamka. Yangu ilikwisha nilipovuka mlango wa duka, maana muuzaji alisema mapema, "Ikiwaka hapa, tumemalizana."

Basi sasa imewaka. Feni inavuma kama lori la mkaa linalopanda mlima, na tangu nibonyeze kitufe hadi nifungue barua moja, chai imechemka, imenyweka na kikombe kimeoshwa. Mwenye kompyuta mpya atapata wapi nafasi hiyo? Yeye chai huinywea kazini, akaimwagia kibodi. Tena raha yenyewe haina mwisho: toleo kubwa la kila mwaka halijileti kwenye mashine ya namna hii, hivyo mwakani flashi naitafuta tena, na usingizi nauaga tena.

Jirani alipopata habari akaja na yake kwapani, Core 2 Duo. Nikampa pole. Tangu toleo la 24H2, prosesa isiyoijua amri iitwayo POPCNT haiwashi Windows hiyo hata kwa dawa; hapo bawabu anawajua binamu wote kwa sura.

Jirani akaitazama yangu ikivuma pale mezani, imegota kwenye asilimia 35 ya sasisho.

"Kwa hiyo," akauliza, "yangu imenusurika?"