Hotuba ya Mtaalamu Mkuu Mintarafu ya Gari Livutalo Upande

Waheshimiwa wenye magari, nanyi mafundi mlioruhusiwa kusimama nyuma:

Kwa kuwa Mola amenijaalia ilimu ya maradhi haya kuliko wenzangu wote, nami nikaihifadhi kwa taadhima bila kuichafua hata mara moja kwa kushika spana, nimeona ni insafu kuwafasiria kabla sijaingia nayo kaburini.

Jahili huuliza gari linavuta wapi. Mwenye hikima huuliza kwanza linavuta lini. Likivuta wakati wote, pimeni upepo, maana tairi lililopungukiwa hulivutia gari upande wake. Kisha badilishaneni matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, na mvuto ukihama nayo, mkosa ni tairi. Likiteleza kushoto kidogo tu, huenda ni barabara, iliyoinamishwa ukingoni ili maji ya mvua yashuke, na barabara mimi sizitibu.

Likivuta mkanyagapo breki, jueni kwamba breki ya upande mmoja inashika kuliko ya pili, na gari hugeukia ule ushikao, kama dau ligeukiavyo upande wa kasia lililoshikiliwa majini. Kwa hiyo likivuta kulia, mgonjwa aghalabu yuko kushoto: pistoni ya kalipa imekwama kwa kutu, au pedi zimelowa grisi, au mpira wa breki umeziba kwa ndani, oili isipite. Na likiendelea kuvuta hata mguu umeondoka, basi kuna breki isiyoachia. Katika hali hiyo nilimwona kijana mmoja wa gereji, baada ya kulizungusha gari mtaani, akipitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, akasema, "Hili la kushoto linawaka." Nilimkemea, kwani hakutanguliza nadharia yoyote, akafungua, akakuta pistoni imeganda, jambo lisilothibitisha kitu ila bahati yake.

Ama likivuta mkanyagapo mafuta, kumbukeni kwamba magari mengi yenye injini iliyolazwa kwa upana na kuvutwa na magurudumu ya mbele, mpango uliopata sifa kwa Mini ya mwaka 1959, yana shafti mbili zisizolingana urefu, na mwenye pupa hupokonywa usukani kidogo; hiyo ni tabia, si maradhi. Walakini likivuta huku kwa mafuta na kule kwa breki, bushi za mkono wa chini zimekwisha, gurudumu linakwenda mbele na nyuma lipendavyo, na anayekimbilia kupanga alaimenti kabla ya kuzibadili anatupa fedha yake baharini.

Maswali nitayapokea kwa hisani kutoka kwa hadhira yote, illa mafundi, ambao wana ada mbaya ya kuuliza mambo wanayoyajua majibu yake.