Sifa za Kutu

Wafalme wamesifiwa, farasi wamesifiwa, na harusini husifiwa hata mpishi aliyeunguza ubwabwa. Kutu haijapata mshairi. Leo naisemea mimi, maana tangu babu atuachie ile Landrova, katika ukoo wetu hakuna aliyefanya kazi kubwa kuliko yeye kutu.

Tuanze na nasaba, kama adabu inavyotaka. Kutu haikuzaliwa juzi chini ya gari la mtu. Ni mtoto wa chuma na oksijeni, mkunga wake ni maji, na jamaa zake wametapakaa. Wekundu wa udongo wa Usambara ni oksidi za chuma. Wekundu wa sayari ya Mirihi, hali kadhalika. Kwa hiyo anayeikwangua kwa brashi ya waya huku anaitukana, ajue anamtukana mwenye ndugu mbinguni.

Landrova yenyewe ni 109, Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Bodi yake ni ya alumini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa cha mgao huko Uingereza, ilhali alumini iliyokuwa ikiundiwa ndege za vita ilibaki bila mwenyewe. Kampuni ya Rover ikaichukua. Gari likaoneshwa Amsterdam Aprili 1948, na tangu siku hizo watu huapa kwamba Landrova haishiki kutu. Kutu ilisikia, ikanyamaza. Chini ya alumini kuna chesisi ya chuma, mihimili yake ina uwazi ndani, na uwazi huo una matundu. Tope huingia, halitoki, hukaa na unyevu wake mle ndani, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Juu bodi inang'aa, jirani wanamsifu mzee kwa kutunza gari. Chini kazi inaendelea usiku na mchana, bila posho. Na hiyo alumini isijigambe. Inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakiwapo, ni yenyewe inayoliwa, ikabaki unga mweupe.

Babu alikuwa bwana shamba. Alipostaafu alihamia Tanga, karibu na bahari, na gari likahamia naye. Hapo kutu ilipata neema. Kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaopita katika chuma chenye unyevu, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mvua. Vikao vya mirathi vilipokuwa vikibishana nani achukue nyumba na nani achukue minazi, kutu haikuhudhuria. Haikuleta wakili. Haikununa wala kuacha kula pilau. Ilikuwa imeshachukua fungu lake: kingo za mlango, ukuta wa mbele penye miguu ya dereva, na karibu mhimili wote wa nyuma unaoshika ndoano ya kuvutia tela. Siku tuliyoinua zulia la mpira upande wa dereva, tuliona mchanga wa uani.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ukweli. Katika urejeshaji wa gari la zamani kila mtu husema uongo kidogo, na nadhani bila uongo huo hakuna ambaye angeanza. Fundi husema kesho. Muuza spea husema hii ni orijino. Baba mdogo anashikilia kwamba gari lilikuwa zima mpaka siku ya mazishi. Puti ndiyo imezidi: hupigwa msasa, hupakwa rangi, ikajifanya chuma. Kutu haina tabia hiyo. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hata ukiizika chini ya puti na rangi mpya itavimba, itainua malengelenge, na siku moja itachungulia nje kukusalimu. Chukua nyundo ndogo upite nayo chesisi nzima. Chuma kizima kitalia. Kilicholiwa kitatoa sauti iliyokufa, au nyundo itapita moja kwa moja, nawe utakuwa umejibiwa bila kulipia ushauri.

Sasa kuhusu ukoo. Sisi tulikuwa watu wa kukutana misibani na harusini, tumevaa sare, tukiagana kwa ahadi za kutembeleana. Kutu ikatuita, tukaja kweli. Baba mdogo, ambaye hajawahi kuonekana ameinama, analala chali chini ya gari kila Jumamosi na kutoa amri kutoka huko. Shangazi alikataa dawa ya kutu ya dukani, akaleta ndimu na siki. Tulimcheka. Bolti zilipolala usiku kucha kwenye siki zikaamka safi, akatuuliza, "Wanangu, mmesomea wapi nyie?" Asidi ni asidi, iwe ya kopo au ya jikoni.

Watoto wamepewa ndoo. Ndani mna maji na soda ya kufulia, kifaa chenye kutu kimefungwa upande hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma chakavu upande chanya. Vipovu vinapanda, kutu inalegea, na mtoto aliyekuwa akisinzia darasani katika somo la kemia anawafundisha wenzake. (Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto: vipovu hivyo vina haidrojeni.) Naye binamu aliyeko Muscat hutuma fedha na ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya bajeti, akieleza jinsi magari ya huko yanavyokaa bila kutu. Tumemheshimu, hatujamkumbusha kwamba Muscat nayo iko kando ya bahari.

Fundi wa kuchomelea ndiye peke yake asiyefurahia. Kila akigusa bati lililokondeshwa, moto unatoboa tundu jipya, naye anakata zaidi hadi afike kwenye chuma kizima. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kutu hupanga ratiba ya kazi vizuri kuliko mkandarasi yeyote: ulikuja kuziba kiraka, unaondoka umebadilisha mhimili.

Tukafika dukani kununua rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Wekundu wa rangi hiyo ya jadi unatokana na oksidi ya chuma. Yaani tumekwangua mwezi mzima, tumelipa fedha taslimu, tukarudi kumpaka jamaa yake mahali palepale. Kama huo si ushindi, sijui ushindi ni nini.

Wala msidhani ni shida za maskini. Mnara wa Eiffel hupakwa rangi upya takriban kila miaka 7, na rangi inayotumika ni kama tani 60. Wafaransa nao wana mradi wao wa kifamilia. Kinyume chake, kuna nguzo ya chuma huko Delhi iliyosimama miaka 1,600 hivi bila kuliwa, na watalii huipiga picha. Naiheshimu. Lakini nguzo isiyoliwa haiwezi kuwakutanisha watoto wa mama mbalimbali uani, mmoja akimshikia mwenzake tochi.

Landrova bado iko juu ya mawe. Nawe msomaji, kama umerithi gari la namna hii, usilifunike kwa turubai lililobana mpaka chini. Turubai hufungia unyevu ndani, na kutu hushiba haraka. Isipokuwa kama ndugu zako hawajaonana siku nyingi. Hapo lifunike vizuri.