Dola za Mama Mkwe

Harusi ni ya shemeji, iko Buffalo, lakini anayekosa usingizi ni mimi niliye Louisville. Kamati ilinikabidhi daftari la michango kwa sababu mimi ni "mtu wa kompyuta", yaani yeyote anayeweza kurudisha WhatsApp iliyopotea.

Ahadi huingia kwenye grupu kila moja na staili yake. "Baba Neema 50." "Niandikeni mia, nitamalizia mwezi wa nane." "Mimi na mama watoto tunatoa 75 Mungu akipenda, na poleni na baridi." Hapo ndipo ninapoiamsha Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Perl ilitoka Desemba 1987. Aliyeitunga, Larry Wall, alisomea isimu, na yeye na mkewe walipanga kutafuta lugha isiyoandikwa, pengine kule kwetu Afrika, waiundie maandishi. Afya ikawakatalia. Wall akabaki Marekani, akatunga lugha ambayo wabaya wake wanasema haisomeki hata ikishaandikwa. Wasema watakavyo. Nikiipa fujo ile ya grupu pamoja na kijimstari kama /(\d+)/, namba inachomoka kwenye maneno kama mwiba kwenye samaki. Wanaoandika "mia" kwa herufi huachwa wapumzike, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Binamu yangu wa Columbus, muumini wa lugha pinzani ya Python, huniuliza kama muziki nao bado nasikiliza kwa kaseti. Nikamkumbusha kwamba wapenzi wa Perl wa Amerika Kaskazini walifanya mkutano wao mjini kwake mwaka 2010, na Buffalo mwaka 2004.

"Walikuja kuzika," akasema.

Balaa lilianzia kwa mama mdogo. Kwenye Perl, jina la kitu kimoja kimoja hutanguliwa na alama ya dola, na majina ninayoyatumia ni ya Kiswahili. Mama mdogo alileta chapati, akasimama nyuma yangu, akavaa miwani, akasoma: $ukumbi, $shemeji, $mama_mkwe.

"Kumbe mama mkwe naye ana fungu lake?"

"Hapana mama, hiyo alama inaonyesha tu kwamba ni kitu kimoja."

"Sawa. Kitu kimoja cha dola."

Chapati hazijapoa, Columbus wameshajua. Kufika jioni, mama mkwe wa Buffalo anaulizia fungu lake, kwa upole ule unaotisha. Kamati ikakaa kwa dharura, ikaona ni salama zaidi kazi apewe binamu, maana Python yake "haionyeshi hela za watu".

Usiku huohuo simu ikalia. "Kaka, shikamoo. Ule mstari wako wa kuchomoa namba unaandikwaje?"

Nikamtumia. Ukavuliwa tu mikwaju miwili ya pembeni, ukaingia kwenye Python, kwa kuwa Python nayo ilifuata uandishi huo wa Perl. Asubuhi grupu zima likampigia binamu makofi. Mimi nikaulizwa zile pesa za mama mkwe nimezipeleka wapi.